Dua ya Nafasi ya Pili

Wiki ile hakuna aliyeuliza tena kama timu ya Alfajiri itaingia kwenye mchujo wa visiwa. Hilo lilikuwa limekwisha, limeshakuwa chai ya jana. Kisiwa cha Ngazidja kilikuwa kinapeleka timu mbili, na Alfajiri ya Moroni na wale wa Ikoni walikuwa wamewaacha wenzao mbali kiasi cha kuwaonea huruma. Swali lililobaki, lililogombanisha hata ndugu wa tumbo moja, lilikuwa hili: nani wa kwanza, nani wa pili?

Maana wa kwanza hukaa kwake. Huvuta kiti akangoja timu ya kisiwa cha Mwali ije Moroni, vijana wema, wanacheza mpira kama wanaoomba radhi. Wa pili hupanda meli kwenda kisiwa cha Ndzuwani kukutana na Mutsamudu kwenye uwanja wao, mbele ya watu wao, na msimu ule Mutsamudu walikuwa hawajafungwa nyumbani hata mara moja.

"Hesabu yenyewe nyepesi," alisema Zaïdou, fundi cherehani, akipanga vifungo vya shati juu ya mkeka. "Hiki sisi. Hiki Ikoni. Tumewapita pointi moja, na ushindi ni pointi mbili. Jumapili Ikoni wanacheza na wale wa mkiani, watashinda; hata mimi nikiwachezea Ikoni, watashinda. Sisi tuna Mvouni. Tukiwafunga, wa kwanza. Tukitoka sare, pointi zinalingana, na Ikoni wametuzidi mabao. Wa pili. Umeelewa, mama Chaher?"

"Nimeelewa tangu Jumatatu," mkewe Djaouharia alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Hao Mvouni ni wabovu kiasi gani?"

"Wabovu sana, alhamdulillahi."

Djaouharia alipepeta mchele. Hakusema alhamdulillahi.

Mtoto wao Chaher, nambari tisa wa Alfajiri, alikuwa kizingitini anapaka mafuta viatu vyake vya mpira. Alicheka. "Mama anawaonea huruma watu wa mlimani."

"Kula kwanza, ndiyo ucheke," mama yake alisema, akanyanyuka na ungo wake kwenda uani, kwa haraka isiyohitajika na mchele wowote.

*

Sasa mtu atauliza: mama wa mshambuliaji, mwanamke anayepikia timu, anawezaje kuomboleza ubovu wa Mvouni?

Djaouharia alizaliwa Majunga, kule Bukini ng'ambo ya bahari, akaletwa Moroni mwaka wa sabini na saba kwa ndege ya Sabena pamoja na wenzake waliookoka mauaji ya watu wa visiwani kule. Wenyeji wakawapa jina la ndege. Sabena huyu, Sabena yule. Miaka sita ilikwishapita, na yeye, mumewe na mwanawe walikuwa bado wapangaji wa chumba cha bati katika ua wa bi Koultoum. Visiwani humu nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na sanduku lake. Mke ndiye mwenye mlango. Mwanamke mpangaji huulizwa habari zake kwa sauti ya chini, kama anayeuguza.

Koultoum hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kiongozi wa wanawake wa Alfajiri, ana kicheko cha kujaza ua, na nyumbani kwake hapakosekani mtu anayekula. Ila wageni wakija alipenda kuwapitisha mpaka mlangoni kwa Djaouharia. "Chumba changu hiki," husema. "Si wamekiweka vizuri?" Na wageni huchungulia kitanda, masanduku na sufuria za wenyewe, wakasema, ndiyo, wamekiweka vizuri.

Kumbe Djaouharia alikuwa na nyumba. Si ya bati. Ya mawe, Mutsamudu, ndani ya mji wa zamani. Ilikuwa ya bibi yake, ikamwangukia mama yake kwa kuwa ndiye binti mkubwa, na mama yake alifia Majunga bila kurudi. Aliyebaki akiitunza ni mama mdogo, bi Hadjira. Wiki mbili kabla ya mechi ya Mvouni, Combo, mchuuzi anayeleta viazi na ndizi kutoka Ndzuwani, alisimama kwenye lango la ua na kikapu kichwani.

"Mama Chaher, mama yako mdogo anapaka chokaa."

"Wapi?"

"Kwenye nyumba ya mama yako. Anamwoza mjukuu wake Zaharia mwezi ujao. Bwana harusi ataingia mumo humo."

Djaouharia aliweka chini ndoo. Kila mwanamke wa visiwa anaijua habari hiyo. Bwana harusi akishaingia kwa ngoma na mashahidi, nyumba imekwisha kuwa ya bibi harusi, na hakuna kadhi wala mkuu wa mji atakayethubutu kumtoa.

"Hukumwambia kama mimi nipo?"

"Nilimwambia. Akanijibu: 'Kama yupo, mbona hatumwoni?'"

Kumwona! Ndege ya kwenda Ouani, kiwanja cha Ndzuwani, haikuwa ya watu kama wao, na hata wenye nauli siku hizo waliambiwa wangoje kama wazungu wa kambini, wale askari wa kukodiwa, wametaka viti. Na hata angepata njia, angeingiaje? Sabena mwenye kifurushi, anabisha mlango na kudai mawe ya watu?

Lakini timu ikiwa ya pili, Alfajiri wangekodi meli. Wanawake wa kupika wangekwenda na timu, kwa nguo mpya na vigelegele. Djaouharia angeingia Mutsamudu mama wa nambari tisa. Watu wote wangemwona, na bi Hadjira angekuwa miongoni mwao. Alichohitaji kilikuwa kitu kidogo sana. Hakuomba timu ifungwe, Mungu apishe mbali. Sare tu.

*

Djaouharia hakumwambia mumewe, kwa sababu Zaïdou alikuwa na ugonjwa wa Alfajiri tangu siku ya kwanza aliyofika Moroni. Timu ile ndiyo iliyompa watu wa kusalimiana nao. Wala hakumwambia Chaher, kwa sababu zake mwenyewe. Aliyemwendea ni Fundi Chanfi, mwalimu wa chuo cha Kurani.

Fundi Chanfi hakuujua mpira ila kama kitu kilichowahi kuvunja dirisha lake.

"Nataka unisomee fatiha ya safari, fundi."

"Safari ya wapi, binti yangu?"

"Mutsamudu. Mungu akipenda, wiki ijayo. Mimi na timu."

"Vijana wanakwenda Mutsamudu? Kheri! Kheri kabisa!" Akainua mikono papo hapo, akasoma fatiha, akaomba bahari itulie, waende salama, wapokewe vizuri. Djaouharia akaitikia amina kwa moyo wote, akamwachia sahani ya mikate na kurudi kwake, mwepesi, kama mtu aliyeshakata tiketi.

Kosa lake lilikuwa hapo. Wengine huomba na kunyamaza. Fundi Chanfi dua kwake ilikuwa kama sinia la pilau, hawezi kuifunika wenzake wasionje.

*

Jumapili uwanja ulijaa tangu adhuhuri. Mechi ilichelewa, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vitupu na vilikuwa vya wazungu wa kambini. Hakuna mwamuzi aliyekuwa na hamu ya kupuliza kabla yao. Walikuja wawili, na mbwa. Waliokuwa nyuma ya viti wakasogea bila kuambiwa, mpira ukaanza.

Mvouni wabovu walikuja na ubovu wao wote na miguu ya kupandia milima. Walikimbia kama wanafukuzwa. Alfajiri walipata bao mapema, Mvouni wakasawazisha kwa kichwa baada ya kona, na kuanzia hapo Moroni nzima ilikaa kwenye ncha ya mbao. Mtu mmoja mwenye redio sikioni akapiga ukelele: Ikoni wanaongoza matatu bila!

"Mungu wangu, Mungu wangu," alinung'unika Koultoum, akimshika Djaouharia mkono. "Omba, mwanamke, omba!"

"Naomba," alisema Djaouharia. Na kweli alikuwa anaomba.

Mwishoni kabisa Chaher alipokea mpira katikati, akampita beki, akampita kipa, goli likabaki wazi kama mlango wa msikiti. Watu walishasimama. Alipokuwa anapiga, mpira ukagonga tuta la changarawe nyeusi, ukaruka kidogo, kidogo tu, ukapita juu ya mwamba. Kabla hajainuka kutoka magotini, filimbi ikalia.

Zaïdou aliyekuwa ng'ambo ya uwanja alishika kichwa kwa mikono miwili. Na Djaouharia akagundua kwamba mdomo wake mwenyewe unatabasamu, akaufunika kwa shiromani aliyojitanda upesi kama mtu aliyetoka na nguo ya ndani.

Jioni wanaume walikusanyika bangweni, uwanja wa mji ambako mambo yote hujadiliwa, nyuso zimeshuka. Fundi Chanfi alipita akitoka msikitini, akawaona, akataka kuwafariji.

"Msihuzunike, wanangu. Safari yenu ya Mutsamudu imekwisha somewa. Mama Chaher aliileta fatiha tangu Alhamisi."

Idarousse, mwenyekiti wa timu, aliinua kichwa taratibu. "Tangu lini, fundi?"

"Alhamisi," alisema fundi kwa furaha. "Semeni amina."

*

Habari ilifika kwenye ua wa Koultoum kabla ya Zaïdou, na Zaïdou alikuja mbio.

"Uliiombea timu yangu ishindwe?"

"Isishinde. Si sawa na ishindwe."

"Djaouharia!"

"Kuna nyumba, baba Chaher." Akamweleza yote, Combo, chokaa, Zaharia, bwana harusi. Zaïdou alisikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, alikaa juu ya sanduku.

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini? Ungeomba sare?"

Zaïdou alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akatikisa kichwa.

Kesho yake wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Kwenye bomba, wanawake walimwachia Djaouharia nafasi kubwa mno. "Tangulia, mama Chaher, wewe hutanguliza mambo." Mwingine akamuuliza kama anaweza kumwombea kuku wake afe, kwa kuwa dua zake hushika. Wakacheka. Aliporudi na ndoo alimkuta Chaher amelala kifudifudi.

"Wanasema ulinituma," alisema ndani ya mto. "Wanasema nilipiga juu makusudi. Idarousse amenitazama leo kama mwizi."

"Nani anasema?"

"Afadhali uniulize nani hasemi."

Djaouharia akakaa pembeni yake, akanyoosha mkono kumgusa mgongo, akaurudisha. Chaher hakungoja. Aliamka akatoka.

Jumanne Idarousse aliitisha mkutano katika ua ule ule wa Koultoum, kupanga wa kusafiri. Alisoma majina ya wapishi, la Djaouharia halikuwamo. Mwenyewe alikuwa mlangoni kwake, hatua chache tu, anasikia. Hakuna aliyemtazama, na watu zaidi ya thelathini wasiomtazama mtu ni kazi kubwa, inaonekana.

"Na mama Chaher?" aliuliza Zaïdou kutoka ukutani.

"Mama Chaher apumzike," alisema Idarousse. "Ametuombea vya kutosha."

Kicheko kilipasuka. Djaouharia alikuwa ameshika pazia la mlango, anataka kuliangusha ajifungie, ndipo Koultoum aliposimama na mwili wake wote.

"Wanaume, mna akili nyie? Hebu tuhesabu. Nilisoma dua mimi. Wewe Idarousse ulichinja mbuzi. Mtaa mzima ulikesha unasoma. Huyu mwanamke mmoja, na sahani ya mikate, ametushinda sote! Na nyie mnataka kumwacha Moroni? Tunakwenda kwa Mutsamudu, ambao hawafungwi, na mnaacha bunduki nyumbani?"

Ua ulicheka tena, kwa namna nyingine.

"Aje," Koultoum alisema, akimgeukia kwa mara ya kwanza siku zile. "Ila safari hii unatuombea sisi, umesikia? Kwa sauti. Nikusikie."

Djaouharia aliitikia kwa kichwa. Alijisikia kama mtu aliyepigwa kofi na kupewa sukari kwa mkono ule ule.

*

Zaïdou hakupata nafasi melini, akabaki na cherehani yake. Meli ilifika Mutsamudu asubuhi, na sherehe aliyoiwaza Djaouharia haikumngoja gatini. Waliongoja walikuwa askari, na mzungu mmoja kijana, kimya, anatafuna njiti. Mizigo yote ifunguliwe. Askari aliinamisha kikapu cha Djaouharia: vyombo, kanga, kipande cha sabuni, sidiria yake ya pekee, vyote juu ya saruji, mbele ya timu na mbele ya mji.

"Unakwenda wapi na vyombo hivi vyote, mama?" askari alimuuliza. "Unahama?"

"Napika," alisema Djaouharia, akaokota vitu vyake kimojakimoja.

Wenyeji walikuwa wamegawana wageni kwa nyumba, kama desturi ya mchujo. Jina la Chaher lilipotajwa, na mama yake, na Koultoum, mtu wa kamati alisema: "Hawa ni wa bi Hadjira. Amewaomba mwenyewe."

"Si nilikuambia?" alimnong'oneza Koultoum, aliyeelezwa melini kwamba huyo ni mama mdogo. "Damu! Amekuomba mwenyewe!"

Lakini Combo aliyekuja kubeba mizigo alimsogelea upande wa pili. "Fungua macho, mama Chaher. Mgeni wa mchujo hapa hupewa kila kitu ila jiko. Ukikaa kwenye mkeka wake ukala sinia lake, mji mzima umekuona mgeni. Na mgeni ana siku yake ya kuondoka. Baada ya hapo utadai nini?"

Walipita vichochoro vyembamba, kuta pande zote, wanawake madirishani. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, mlango wa mbao nzito, na ukuta mpya mweupe kiasi cha kuumiza macho. Djaouharia alikuwa hajawahi kuiona. Aliitambua hata hivyo, kwa kuwa mama yake aliisimulia ngazi kwa ngazi kila walipokosa usingizi.

Bi Hadjira alisimama ukumbini, mdogo, mnyoofu, amevaa vizuri. Majirani walijaa nyuma yake. Alikuwa amealika macho ya kutosha. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa, marashi tayari, masinia yamefunikwa kwa kawa.

"Karibuni, wageni wangu. Karibu, binti ya dada yangu. Kaa."

Chaher alikaa. Koultoum alikaa, akashukuru kwa sauti. Djaouharia alibaki amesimama na kikapu chake.

"Shikamoo, mama mdogo. Kuni ziko wapi?"

"Kuni si kazi ya wageni, mwanangu. Kaa."

"Wageni ni hawa," Djaouharia alisema. "Mimi ndiye mpishi wao. Siwezi kuwapikia kutoka mkekani."

Majirani wakaacha kujipepea. Koultoum aliangalia mmoja, akaangalia wa pili, na umbea wa miaka yote ukamsaidia kuelewa haraka kuliko ambavyo angeelezwa. Akajishika kiuno akiwa amekaa.

"Msijisumbue naye, mabibi," alisema kwa sauti ya kufika dirisha la tatu. "Huyu ni mpangaji wangu miaka sita. Sijamwona hata siku moja amekaa kungoja sahani ya mtu. Mwacheni aende jikoni kwake."

Kwake. Neno lilitua katikati ya ukumbi. Djaouharia alipita kando ya mkeka, akavuka ua mdogo, akainama chini ya mlango wa jiko.

*

Bi Hadjira alimfuata na kufunga mlango.

"Nilikuwa msichana mama yako alipopanda jahazi kwenda Bukini," alisema. "Aliniambia nimshikie nyumba mwaka mmoja. Nimemshikia maisha yangu yote. Bibi yako amefia mikononi mwangu ghorofani. Tufani iliezua paa, nikauza dhahabu yangu. Baba alikufa hajanijengea yangu. Wewe umekuja leo asubuhi na timu ya mpira."

Djaouharia alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga. Alikuja amejiandaa kwa mwizi, na jikoni hamkuwa na mwizi.

"Ningekuja vipi, mama mdogo? Sikuwa na njia nyingine."

"Na Zaharia? Mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje anachota maji. Mwambie bwana harusi aingie wapi."

Mwanamke mwingine angelia pale, na Djaouharia hakulia. Alikuwa anahesabu kama mumewe na vifungo vyake: hiki mimi, hiki Zaharia, hiki mama mdogo.

"Aingie humu," alisema mwishowe.

Hadjira alimkazia macho.

"Zaharia ataolewa humu. Mimi nitampikia harusi, mimi nitapokea watu mlangoni, na mimi nitasema mbele yao kwamba nampa mwanangu ghorofa ya juu akae mpaka baba yake amjengee. Nitampa, mama mdogo. Hatajichukulia mtu. Na wewe hutoki chumbani kwako mpaka utakapobebwa, uniwie radhi kwa kusema hivyo."

"Na kama baba yake hajengi?"

"Tutabanana. Nimezoea chumba kimoja."

Mlango ulisukumwa na Zaharia, msichana mwembamba mwenye hina ya majaribio viganjani na ndoo ya maji kichwani. Aliwatazama wote wawili. Alikuwa amesikia, ukuta wa jiko ulikuwa wa makuti.

"Koko," alimwambia bibi yake, "naweka wapi?"

Hadjira alichukua muda. Akavuta kibao cha mbuzi, akakaa, akachukua nazi na kuanza kuikuna kwa nguvu, amewapa mgongo.

"Kuni ziko nyuma ya pipa," alisema, na hakumwambia Zaharia.

*

Siku ya mechi mji wote ulikwenda uwanjani. Walibaki wapishi. Djaouharia alikuwa ameahidi kuomba kwa sauti, na aliomba kwa sauti kweli, huku anakoroga, mpaka bi Hadjira akamwambia apunguze, anamtia wazimu, na hata hivyo anaombea timu gani hiyo ndani ya jiko la Mutsamudu.

Kishindo kikubwa kilitoka upande wa uwanja, kuku wakaruka.

"Moja," alisema Hadjira kwa utulivu.

Baadaye kikaja kidogo, chembamba, kama watu wa meli moja wanaopiga kelele.

"Hicho chetu!" Djaouharia aliruka na mwiko.

"Chenu nani?"

Kabla Djaouharia hajajibu, kishindo cha tatu kilitikisa mji, kikubwa kuliko cha kwanza, na hakikukatika tena. Hadjira alimtazama mpwa wake, aliyekaa chini ghafla kwenye kuni.

"Usilie juu ya wali wangu," alisema. "Wetu," akarekebisha kwa taabu, akageukia sufuria.

*

Meli iliondoka kesho yake. Watu wa Moroni walipanda wanyonge, ila Koultoum, aliyekuwa na habari ya kusimulia mwaka mzima na alishaanza kuisimulia kwenye ngazi.

"Mwambie baba Chaher aje," Djaouharia alimwambia. "Mwambie mke wake ana mlango, mwanamume aje kwa mkewe kama wenzake."

"Nitamwambia. Na chumba changu nimpe nani?" Koultoum alimkumbatia, akalia kidogo, akajicheka. "Kodi ya mwezi huu usilete, mshenzi wewe."

Chaher alikuwa wa mwisho. Bao lile dogo lilikuwa lake, na Idarousse alikuwa amempa mkono asubuhi mbele ya watu. Msimu ujao ulimngoja Moroni. Alisimama na begi begani, anatazama bahari.

"Mama. Siku ya Mvouni. Mpira uligonga tuta."

"Najua."

"Ningefunga. Hata kama ningejua habari ya nyumba yako, ningefunga tu."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikukuambia wewe, nikamwambia fundi."

Alitaka kukasirika, ilionekana shingoni. Halafu akaangua kicheko, kicheko cha kumshinda, akambusu mkono na kupanda. Djaouharia alipunga mpaka hakujua tena anampungia nani, kisha akaugeukia mji.

Kichochoro cha kwanza alikikumbuka. Cha pili alidhani anakikumbuka. Kwenye cha tatu kuta zilikuwa zilezile, milango ileile, na njia ikamrudisha alikotoka. Akazunguka. Jua lilikuwa kali, miguu inamuuma. Bibi mmoja aliyekaa kizingitini akichambua bizari alimwacha apite mara mbili. Ya tatu akamhurumia.

"Unatafuta nyumba ya nani, mgeni?"

Djaouharia alisimama kuvuta pumzi.

"Ya Djaouharia."

Bibi alitafakari, akatikisa kichwa. "Mtaa huu nawajua wote. Simjui Djaouharia."

"Amekuja juzi," alisema, akajifunga shiromani sawasawa. "Ana harusi mwezi ujao, nawe umealikwa. Nionyeshe tu kwa bi Hadjira."